Hewa Iliyobaki Mtungini

Mtungi ulirudi na hewa mia na ishirini, na hapo ndipo nilipojua kwamba Nengah ana mwanamke.

Msinicheke. Nimebeba mitungi ya wazamiaji kichwani tangu nina miaka kumi na sita, kutoka kibanda cha mashine ya kujazia hewa mpaka majini, juu ya yale mawe meusi ya Tulamben ambayo mgeni huyapita kwa kuyumba hata akiwa mikono mitupu. Mwaka wa tatu sasa ni mimi pia ninayeipokea ikirudi, naifungia kipimo, nasoma kilichobaki, najaza. Yote hujazwa mia mbili. Mwanaume mnene hurudisha hamsini. Mwoga hurudisha thelathini na macho mekundu. Mwanamke aliyezoea maji, asiye na papara, hurudisha mia na zaidi. Nengah wangu, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni chini ya maji, akitoka kuzunguka meli iliyozama pale kwetu, hurudisha themanini, hazidishi hapunguzi.

Asubuhi tatu mfululizo, kabla magari ya wageni hayajafika kutoka kusini, Nengah alichukua mitungi miwili na kuibeba mwenyewe. Kila aliporudi, mmoja ulikuwa na themanini zake. Wa pili ulikuwa na mia na kumi siku ya kwanza, mia na kumi na tano siku ya pili, na Jumanne hiyo mia na ishirini. Walizama pamoja, wakatoka pamoja, na huyo wa pili alikuwa anazidi kustarehe.

"Mwanaume anaweza kukudanganya," alisema Mbok Sadri, mbebaji mwenzangu ninayemwita Mbok, yaani dada, kwa kuwa amenizidi miaka kumi, huku akikaza kata yake kichwani. "Mtungi utakudanganya upate nini?"

"Labda ni mgeni tu."

"Mgeni wa alfajiri, asiyeandikwa ubaoni? Na yule Vania wa Surabaya, mbona siku tatu hizi hatumwoni hapa na kikombe chake cha kahawa?"

Vania alikuwa na wiki mbili pale kwetu, kazi yake kupiga picha vikonokono vya kwenye matumbawe. Mrefu, meno mazuri, anacheka hata asipoambiwa kitu. Alikuwa akimwita Nengah "Bli" kwa kuvuta, utadhani neno amelitunga yeye. Mimi pia humwita Bli, ndivyo binti wa kwetu anavyomwita kijana aliyemzidi umri, lakini mimi silivuti.

"Mbok, nyamaza," nilisema.

"Nimenyamaza. Mimi sijasema kitu, kimesema kipimo."

Mtu mwingine angeona wivu akalala. Mimi nilikuwa na zaidi ya wivu. Mimi ni mtoto wa pekee, na kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume haina mtu wa kulitunza hekalu la ukoo, labda binti abaki na mume aje kuishi kwake. Ndiyo maana sisi ndio tunaokwenda kumposa mwanaume. Kuna sehemu za Bali wameshazoea. Huku mashariki wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwanaume anaolewa! Atafundishwa kusuka vikapu vya sadaka! Nengah, mtoto wa pili kwao, aliyasikia yote hayo na bado akasema anakubali. Mama yake, Men Gede, yaani mama wa Gede, kaka yake mkubwa, hakumsemesha mwezi mzima.

Aliyebaki alikuwa Bapa, baba yangu. Yeye ndiye wa kuongoza watu kwenda kuposa, na alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Siku njema katika kalenda ilikuwa Alhamisi. Nyingine ya namna hiyo ilikuwa miezi mitano mbele, na katika miezi mitano Men Gede angemwozesha mwanawe mara tatu.

"Mwanaume anayekubali kuondoka kwao kirahisi hivyo," Bapa alizoea kusema, "nataka kujua anakimbia nini."

Nilikuwa nakasirika akisema hivyo. Jumanne hiyo nilianza kujiuliza swali lake.

Nilimkuta Nengah saa saba mchana nyuma ya kibanda, anasuuza miwani ya kuzamia kwenye pipa. Fulana ilikuwa imemganda mgongoni. Nilikuwa nimekuja kwa vita, lakini macho yangu hayakuwa na habari hiyo. Yalikwenda yenyewe shingoni kwake, yakashuka na tone moja la maji mpaka lilipopotelea kwenye kola. Nampenda sana yule mtu, na siku hiyo hilo ndilo lililokuwa likinitia uchungu.

"Luh," alisema, akatabasamu, maana huniita hivyo, yaani binti, badala ya jina langu Wartini. "Umekula?"

"Alfajiri ulizama na nani?"

Akaacha kusuuza. Ni kidogo tu, mtu mwingine asingeona.

"Na mtu."

"Samaki nao wangejua kwamba ni mtu. Nani?"

"Mtu aliyeomba nimpeleke kule chini kwenye ukuta wa matumbawe. Luh, jua kali, njoo kivulini."

"Sitaki kivuli. Mtu huyo ana jina?"

"Analo."

"Litaje."

Akafuta mikono kwenye kaptura, taratibu, kwa namna ya mtu anayetafuta muda. "Siwezi. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Nikikwambia nani, si nitakuwa nimekwambia?"

"Ni mwanamke."

Akacheka. Jamani, wanaume! Mwanamke anatetemeka mbele yako, na wewe unacheka. Alicheka kutoka tumboni kabisa, akashika ukingo wa pipa.

"Mwanamke? Nani amekuingizia hayo?"

"Mia na ishirini, Bli. Hakuna mwanaume hapa pwani anayezama nawe mpaka ukutani akarudisha mia na ishirini. Kaka yako hawezi, wale Wajerumani wako ndiyo kabisa. Huyo ni mtu mwenye kifua kidogo na roho iliyotulia. Na ana nywele ndefu pengine, na kamera."

Kicheko kikakatika. Sasa alinielewa, na uso wake ukabadilika namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona.

"Umekuwa unanipima pumzi," alisema.

"Ni kazi yangu."

"Kazi yako ni kujaza mitungi. Siku tatu umekaa na kipimo chako, unapiga hesabu, na hukuja kuniuliza?"

"Nakuuliza sasa!"

"Hapana. Sasa umekuja na hukumu." Sauti yake ilikuwa chini, na ningependa angepiga kelele. "Luh, mama yangu ananitengea sahani yangu peke yangu, kama mwenye ukurutu. Vijana wa mtaa wananiita bibi harusi. Kaka yangu ananitania mbele ya watoto wake. Nimeyameza yote. Halafu wewe, wewe ninayeyameza kwa ajili yako, unaniambia nina mtu mwingine kwa sababu ya namba."

"Basi sema jina yaishe."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nikivunja ahadi kwa sababu umekasirika, kesho mwingine akikasirika, ahadi yangu kwako utaiamini vipi?"

Maneno mazuri. Mtu mwongo naye angeyasema hivyo hivyo. Nilitafuta machoni mwake kitu cha kunisaidia, nikaona uchovu tu, na uchovu nikausoma kuwa hatia.

"Basi Alhamisi msitungoje," nilisema.

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli."

Ningenyoosha mkono tu ningemshika, tulikuwa karibu kiasi hicho. Kisha akaokota mapezi yake ya kuogelea, akaondoka kuelekea kwenye mawe bila kugeuka.

Na mimi, kwa kichwa changu hiki, nikafanya la pili. Mbok Sadri anakaa mtaa mmoja na Men Gede. Nilimwambia ampelekee neno kwamba Alhamisi hatuji. Nilidhani atalipeleka jioni akirudi kwake. Kumbe alishaiwasha pikipiki kabla sijamaliza sentensi.

Nilifika nyumbani saa tisa. Meme, mama yangu, alikuwa kwenye hekalu la mtaa, anasaidia kuandaa sadaka. Bapa alikuwa peke yake barazani, ameinamisha kichwa upande, anajidondoshea mafuta ya nazi ya uvuguvugu sikioni. Aliponiona akaficha kijiko.

Mimi siku hiyo nilikuwa namshuku kila kiumbe.

"Bapa, sikio lina nini?"

"Upepo."

"Na hiyo alama kwenye paji la uso?"

"Nimelalia mto."

"Mto gani unaozunguka mpaka mashavuni?"

Bapa akajigusa uso. Ile alama naijua. Naiona kila siku kwenye nyuso za watu wanaotoka majini, alama ya miwani ya kuzamia iliyobana sana kwa sababu mwenye uso hajaivaa siku nyingi.

Nikakaa chini.

Bapa alikuwa mvuvi wa samaki wa mapambo zamani, wale wadogo wa rangi wanaofugwa kwenye masanduku ya vioo. Walikuwa wakizama na mpira mrefu mdomoni unaoleta hewa kutoka mashine ya mtumbwini, wengi mashine moja, kwa hiyo walijifunza kuvuta kidogo. Baba yangu mdogo alipandishwa siku moja miguu ikiwa imekufa, haijaamka mpaka leo. Meme alimshika Bapa mkono, akampeleka mbele ya hekalu la nyumbani, akamwapisha kwamba hatatia kichwa chini ya maji tena. Ni miaka kumi na miwili.

"Ni wewe," nilisema.

"Usipige kelele. Mama yako ana masikio mpaka hekaluni."

"Mia na ishirini ni wewe!"

"Mia na ishirini?" Uso wote ukafunguka. "Leo? Juzi ilikuwa ngapi? Unaona! Kijana anadhani yeye ndiye anajua kuvuta hewa. Mwambie amebaki nyuma."

"Bapa! Umevunja kiapo?"

Akashusha sauti. "Kule hekaluni nimeshaomba radhi, nimepeleka na sadaka. Kwa mama yako bado." Akatazama mlango. "Ningefanyaje? Nchi kavu kila mtu ni mpole. Amekaa hapa barazani mara kumi, ndiyo Bapa, ndiyo Bapa. Mimi sijui kusoma mtu anayesema ndiyo. Nikamwambia nipeleke chini, na mtu asijue. Akakataa siku mbili, akasema ni hatari kwa umri wangu. Nikamwambia usiponipeleka nitakwenda peke yangu. Hapo akakubali, ila ndani ya kina chake yeye na kwa muda wake yeye. Nikitaka kushuka zaidi ananishika mkanda."

"Halafu?"

"Halafu leo nikamjaribu. Pale ukutani kuna jiwe limetokeza. Nikajibana nyuma yake, nikazima taa, nikahesabu ageuke baada ya muda gani. Nilikuwa na mpango wa kuhesabu mpaka hamsini." Akanionyesha vidole. "Sikufika saba. Akarudi, akanitazama machoni, akatazama kipimo changu, akanishika mkono. Hakuniachia mpaka ufukweni. Mtu mzima mimi, nimeshikwa mkono kama mtoto! Nikamuuliza tukiwa tunavua mapezi, kijana, unakimbia nini kwenu? Akasema hakimbii. Akasema, kwetu nikiondoka Gede yupo. Wartini akiondoka kwake hayupo mtu."

Nilianza kulia. Bapa alidhani ni furaha.

"Kwa hiyo Alhamisi tunakwenda," alisema. "Nimeshamwambia mzee wa mtaa. Mama yako unadhani anaandaa sadaka za nani?"

"Bapa," nilisema, "nimeshatuma neno kwamba hatuji."

Alhamisi tulikwenda hivyo hivyo. Bapa hakunigombeza. Alisema tu kwamba nimelitamka mwenyewe na nitakwenda kulitengua mwenyewe, mbele ya watu wote, binti asiyetakiwa hata kufungua mdomo siku ya posa. Jumatano nzima nilimtafuta Nengah ufukweni, nikaambiwa ameomba ruhusa. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Tulikuwa watu tisa na sinia za sadaka. Men Gede alikuwa amekaa ukumbini na nguo za kila siku, kwa makusudi, na Gede pembeni yake. Nengah alikuwa nyuma kabisa, amefunga kitambaa kichwani vizuri, macho chini. Kwa nini amefunga kitambaa ikiwa anajua hatuji? Nililishika swali hilo kwa nguvu, lilikuwa ndilo tumaini langu pekee.

"Tuliambiwa hamji," alisema Men Gede. "Tumepika chetu, tumekula, tumeosha vyombo."

Mzee wa mtaa wetu akakohoa. "Kulitokea kutoelewana."

"Hakukutokea. Neno lilikuja limenyooka. Au kwenu mwanangu ni kiti, leo mnakiazima, kesho mnakirudisha?"

Nikapiga magoti mbele yake. Nilisikia Meme akivuta pumzi nyuma yangu.

"Nililituma mimi," nilisema. "Nilimshuku kwamba ana mwanamke. Nilikosea. Nimekuja kulirudisha neno langu."

"Mtu hashuku bure."

"Nilishuku bure, Meme."

"Usiniite Meme." Akamgeukia mwanawe. Na yeye alikuwa na macho yale yale niliyokuwa nayo mimi Jumanne. "Nengah, palikuwa na mwanamke?"

"Hapakuwa."

"Basi ulikuwa na nani?"

"Siwezi kusema, Meme."

"Hata mimi mama yako?"

"Hata wewe."

"Unaona watu wanatutazama? Wanaondoka hapa wakisema Nengah ni malaya, hata waliokuja kumposa wamemkataa. Taja jina!"

Nengah akatikisa kichwa. Yule msichana aliyemtupia maneno juani, yaani mimi, alikuwa amepiga magoti pale, baba wa yule msichana alikuwa hatua tatu kutoka kwake, na angeweza kujiokoa kwa neno moja. Hakumtazama Bapa hata kwa kuibia. Mimi ndiye niliyemtazama. Bapa alikuwa anachunguza vidole vya miguu yake, na jasho lilikuwa linamtiririka.

Nilifungua mdomo. Kumtetea mmoja ilikuwa ni kumchoma mwingine, na Meme, aliyemwapisha Bapa, alikuwa nyuma yangu na sinia mikononi.

"Mwanamke mwenyewe ni mimi," alisema Bapa.

Kila kichwa kikamgeukia.

"Mimi ndiye niliyezama naye. Asubuhi tatu. Nilimwapisha asiseme kwa sababu..." Akageuka kwa tahadhari. "Kwa sababu ya mama Wartini."

Meme akaweka sinia chini. Aliiweka kwa upole sana, na kila mwenye mke pale alijua maana ya upole ule.

"Tutaongea nyumbani," alisema.

Gede ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kuuma midomo, ikashindikana. Kisha mzee wa mtaa, kisha wote, isipokuwa Meme, na Men Gede, na Nengah. Bapa naye akacheka kidogo, akaona uso wa Meme, akaacha.

Mzee wa mtaa akasubiri watulie. Katika posa ya namna hii, wazazi hawatoshi. Mwanaume lazima aseme mwenyewe kwa mdomo wake.

"Nengah, umesikia yote. Unakubali kuondoka kwenu ukawe mtoto wa nyumba ile?"

Nengah alikuja mbele, akachuchumaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya sisi wawili, ingawa ukumbi mzima ulinyamaza ili usikie.

"Luh, utaendelea kunipima?"

Ningesema hapana, na ingekuwa rahisi. "Nitaendelea kushuku," nilisema. "Nimezaliwa hivi, na unajua nimerithi kwa nani. Lakini nitakuja kukuuliza wewe, siku hiyo hiyo. Na ukiniambia huwezi kusema, nitakaa karibu yako mpaka uweze."

"Hata ikiwa siku tatu?"

"Nitakasirika siku zote tatu. Ila nitakasirikia hapo hapo karibu yako."

Alitazama mikono yangu, kisha uso wangu, na ile nuru niliyoizima nyuma ya kibanda ikarudi polepole. Akasimama.

"Ninakubali," alimwambia mzee.

Men Gede akainuka akaingia ndani bila neno. Tukasikia mlango wa kabati. Gede alitaka kumfuata, Nengah akamzuia. Mimi nilijua anarudi na ufagio, nikajiandaa kupigwa, maana haki yake alikuwa nayo.

Alitoka na begi la nguo. Lilikuwa limejaa, limefungwa, na juu yake kulikuwa na shuka lililokunjwa vizuri.

"Nilimfungia wiki iliyopita," alisema, akimtazama mzee wa mtaa, si mimi. "Nilikuwa nimekasirika, nikafunga, ili akiondoka asiguse kabati langu. Jumanne nikaambiwa hamji. Nilifurahi, sitaficha. Nikaenda kuzirudisha kabatini. Nikamkuta amekaa chini, ameuegemeza uso wake kwenye begi hili, analia." Akalinyoosha shuka juu ya begi. "Miaka ishirini na saba nimemlea, sijamwona akilia tangu alipoanza kutembea. Nikaondoka kimya. Sikulifungua."

Akaja akasimama mbele yangu. Macho yake yalinipekua bado, hayakuniamini, na sikumlaumu. Kisha akaniwekea begi mikononi. Lilikuwa zito kuliko mtungi wowote niliowahi kubeba.

"Kamba wa baharini hawali," alisema. "Atakwambia anakula, ili asikusumbue. Usimpikie. Mwili wote unamvimba."

"Sitampikia," nilisema.

"Sitampikia, nani?"

Ilinichukua muda kuelewa anachoniuliza.

"Sitampikia, Meme."

Akageuka upesi kuelekea jikoni, mkono mdomoni, akisema kwamba watu tisa hawawezi kuondoka kwake na njaa.